Trekta ya zamani haipandi resi au inapanda na kushuka yenyewe? Angalia haya kabla ya kufungua pampu

Mvua za kwanza zikishanyesha, mkulima ana siku chache tu za kulima udongo ukiwa unakatika vizuri. Hapo ndipo trekta ya familia, ile iliyokaa chini ya mwembe tangu msimu uliopita, inapoanza visa vyake. Inawaka lakini haipandi resi. Au inapanda na kushuka yenyewe kama mtu anayehema. Au inalima vizuri nusu saa, halafu inapoteza nguvu taratibu mpaka inazima.

Wengi hukimbilia kusema pampu imekufa. Pampu inafunguliwa, inapakiwa kwenye basi, inakaa mjini kwa fundi pampu wiki nzima, inarudi na bili yake, na trekta inaendelea na tabia ile ile. Kumbe shida ilikuwa kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, kimezibwa na matope ya nyigu. Msimu umeshapita.

Maelezo haya yanahusu zaidi Massey Ferguson 135 na ndugu zake, kwa sababu ndizo zinazokutwa kwenye mashamba mengi ya familia huku kwetu. MF 135 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1964 hadi 1975. Injini yake ya dizeli ni Perkins AD3.152, silinda tatu, ujazo wa lita 2.5 hivi (hiyo 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo). MF 240 iliyokuja baadaye ina injini hiyo hiyo. Pampu yake ya dizeli ni ya CAV aina ya DPA, ile ya mviringo yenye bomba tatu za chuma zinazotoka kichwani kwenda kwenye nozeli. Mwenye Ford ya silinda tatu ya miaka ile naye anaweza kufuata, maana nyingi zilifungwa pampu ya jamii hii.

Resi inatawaliwa na nani?

Dizeli hii haina kabureta. Hewa inaingia yote, muda wote. Kinachoamua injini izunguke haraka au polepole ni kiasi cha dizeli kinachopulizwa ndani ya silinda, na anayepima kiasi hicho ni gavana iliyo ndani ya pampu.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba mkono wa mafuta ulio karibu na usukani haufungulii dizeli moja kwa moja. Unavuta springi tu. Upande wa pili wa springi hiyo kuna vyuma vidogo vya uzito vinavyozunguka na injini. Injini ikienda kasi, vyuma vinatanuka na kuisukuma springi, dizeli inapungua. Plau ikikaba ardhini, mwendo unashuka, vyuma vinalegea, springi inashinda, dizeli inaongezeka. Kuvutana huko kunatokea kila sekunde bila dereva kugusa kitu. Kuna DPA nyingine ambazo badala ya vyuma hivyo zinatumia msukumo wa dizeli yenyewe, nazo zinaathirika haraka zaidi na upepo kwenye mfumo.

Kwa hiyo resi ikiharibika, sababu iko katika mafungu matatu. Dizeli haifiki ya kutosha. Au gavana na viungo vyake havitembei kwa uhuru. Au injini inachoma vibaya, au inachoma kitu ambacho pampu haikuipa. Fungu la kwanza ndilo lenye kesi nyingi kuliko mengine yote, na ndilo la bei rahisi.

Kabla ya kushika spana

Usiiamini saa ya resi kwenye dashibodi. Katika trekta yenye miaka arobaini au hamsini, kebo ya saa hiyo mara nyingi imekatika, imekauka grisi au inacheza, na mshale unarukaruka wakati injini imetulia kabisa. Sikiliza mlio. MF 135 inatakiwa kufika mizunguko 2250 kwa dakika ikiwa kazini kwa nguvu zake zote, na ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kazi, iwe karibu na 700. Kama kuna fundi mwenye kipimo cha mwanga, kipande cha utepe mweupe kwenye puli ya mbele kinamaliza ubishi kwa dakika moja.

Pili, zima injini, mtu mmoja akae kwenye kiti na asukume mkono wa mafuta mpaka mwisho. Mwingine asimame pembeni aangalie kimkono kilicho juu ya pampu. Je, kinafika kwenye skrubu yake ya mwisho? Mara nyingi hakifiki. Pini zimelika, fimbo imepinda, au kuna mtu aliunga kwa waya wa nondo. Trekta kama hiyo haitapanda resi hata ukiifunga pampu mpya. Angalia na upande wa chini: mkono ukirudishwa, kimkono kirudi chenyewe hadi kwenye skrubu ya sailensa. Kikibaki njiani, ndiyo sababu injini haishuki.

Halafu kimkono cha kuzimia. Kile kitufe cha kuvuta cha kuzimia injini kina waya wake, na waya ukishika kutu unaweza kuacha kimkono nusu kimefungwa. Trekta inawaka vizuri, inatembea vizuri, ila ikipewa plau haina nguvu. Watu wamefungua pampu kwa ajili ya waya huo.

Tatu, tazama moshi wakati trekta inavuta mzigo. Ikikosa nguvu na haitoi moshi wowote, dizeli haifiki. Moshi mweusi mzito maana yake dizeli ipo ila hewa haitoshi, au nozeli inamwaga badala ya kunyunyiza, au mzigo wenyewe umezidi. Moshi mweupe unaouma macho, injini ikiwa imeshapata moto, ni dizeli isiyoungua: maji kwenye mafuta, kompresheni ndogo, au pampu imefungwa nje ya alama. Moshi wa bluu ni oili. Dalili hii ya moshi haikugharimu kitu na inakuambia uanzie wapi.

Na kuna jambo la haki kwa trekta yenyewe. Resi kushuka kidogo plau inapoingia ardhini ni kawaida, gavana zote za aina hii zinashuka kidogo ndipo zinaongeza dizeli. Trekta ya farasi 45 ikifungwa plau ya sahani tatu kwenye udongo wa mbuga ulioloa, ikawekwa gia kubwa, itakufa mbele yako na haina ugonjwa. Shusha gia, punguza kina, kisha ndiyo uhukumu. Shika na magurudumu ya nyuma baada ya kutembea: gurudumu moja likiwa la moto sana kwenye kitovu, breki imeng'ang'ania.

Fuata dizeli kutoka kwenye tangi

Trekta inayokwenda vizuri nusu saa, ikazima, ukaiacha ipumzike dakika kumi ikawaka tena kama kawaida, anza na kifuniko cha tangi. Dizeli ikitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu kikiziba, tangi linajivuta ndani na mafuta yanagoma. Siku itakapozima tena, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia inavuta hewa "fyuu", umeshapata mchawi. Kuna wanaofunika tangi kwa mfuko wa nailoni na mpira baada ya kifuniko kupotea; hao wanajitengenezea ugonjwa wenyewe.

Kama si kifuniko, basi ni uchafu unaoelea. Jani, kipande cha nailoni, au ule utando mweusi unaoota pale dizeli inapokutana na maji chini ya tangi. Unavutwa taratibu hadi mdomo wa koki, unaziba, injini inazima, mvuto unaisha, uchafu unaelea tena. Fungua bomba chini ya koki, kinga chombo safi, angalia mtiririko. Utoke kwa nguvu na usikatike. Ukianza vizuri halafu ukapungua kuwa uzi, tangi lishushwe lioshwe. Kupuliza kwa mdomo kunaupeleka uchafu mita moja nyuma tu, utarudi kesho.

Baada ya koki kuna pampu ndogo ya kuvutia iliyofungwa ubavuni mwa injini, yenye kimkono cha kupampu kwa kidole. Nyingi zina kikombe au kifuniko juu chenye chujio la wavu ambalo hakuna anayekumbuka kulisafisha. Ili kuijaribu, legeza bomba linalotoka, vuta kitufe cha kuzimia, mtu apige stata: dizeli itoke kwa kurukaruka yenye nguvu, si kulia machozi.

Pampu hii ndogo ina ubaya mwingine ambao ni mkubwa kuliko kukosa resi. Ndani yake kuna ngozi ya mpira. Ikitoboka, dizeli inashuka kwenye oili ya injini. Dereva anapima oili asubuhi, anaona imepanda, anafurahi kwamba injini hailambi oili. Kumbe oili imekuwa nyepesi kama maji na beringi za kombo ziko hatarini. Sili ya mbele ya pampu kubwa ikilika inafanya vivyo hivyo. Kipimo cha oili kikipanda bila mtu kuongeza, kinuse. Kikinuka dizeli, trekta isiwashwe tena mpaka chanzo kipatikane na oili ibadilishwe.

Kisha filta. MF 135 ina filta moja au mbili za CAV zenye kikombe chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yanakaa chini ya kikombe. Legeza skrubu ya chini asubuhi kabla ya kuwasha, uyatoe. Ukiona maji kila siku, yanatoka kwenye tangi. Tangi likilala nusu tupu, umande unajenga ndani. Dawa yake ni kujaza jioni baada ya kazi badala ya asubuhi. Filta zinabadilishwa zikiwa mbili pamoja, na kila mpira wa duara uliomo uwe mpya na ukae kwenye mfereji wake. Mpira mmoja uliojikunja unatosha kuingiza upepo.

Kuhusu mafuta yenyewe: pampu ya DPA haina oili yake. Kinachoilainisha ni dizeli inayopita ndani. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka tu, trekta inatembea, lakini vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Ndiyo sababu uchakachuaji unaua pampu polepole, bila dalili ya siku hiyo hiyo. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini dizeli ya madumu inayouzwa kijijini imepita mikono mingi baada ya kituo. Bei ya dumu ikiwa chini kuliko ya kituoni, kuna sababu.

Kuna jaribio moja linalofupisha safari hii yote. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, liweke juu kuliko injini, lifunge imara, peleka mpira moja kwa moja hadi mlango wa pampu ndogo, ukiruka tangi na koki. Toa upepo, washa, piga kazi. Trekta ikipata nguvu zake, pampu kubwa ni nzima, na tatizo liko nyuma ya mpira ule. Isipobadilika, endelea mbele. Jaribio hili ni la thamani kuliko maoni ya watu kumi waliosimama kuzunguka trekta.

Upepo

Sehemu inayovuta dizeli ni ngumu kukaguliwa kwa macho kwa sababu haivuji. Tundu dogo kati ya tangi na pampu ndogo halitoi tone hata moja, linavuta hewa ndani. Injini inapata dizeli yenye mapovu, inapanda na kushuka, inakosa nguvu, na ikilala usiku asubuhi ni shida kuwaka. Fundi mzuri anafunga kipande cha mpira unaoona ndani kabla ya pampu kubwa, anawasha, anatazama. Mapovu yakipita mfululizo, kaza au badilisha kila kiungo kuelekea tangi, kimoja kimoja, hadi yakome.

Kutoa upepo kuna mpangilio wake, na kuruka hatua ndiyo sababu watu wanamaliza betri. Anza kwenye filta: legeza skrubu ya juu, pampu kwa kimkono cha pampu ndogo hadi dizeli itoke bila povu, kaza. Kama kimkono hakina nguvu kabisa, usiilaumu pampu bado. Pengine kemu ya injini imekaa mahali inapokisukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Fuata skrubu mbili za pampu kubwa: ile ya ubavuni karibu na zinapotoka bomba, kisha ile ya juu kwenye nyumba ya gavana. Mwisho legeza nati za bomba kwenye nozeli, angalau mbili, weka mkono wa mafuta hadi mwisho, hakikisha kitufe cha kuzimia kimerudishwa ndani, piga stata hadi dizeli ionekane kwenye nati, kaza, washa.

Vidole na uso vikae mbali na nati hizo wakati stata inazunguka. Nozeli hizi zinafunguka kwa msukumo unaozidi mara 150 wa hewa ya kawaida. Mchirizi mwembamba wa dizeli kwa nguvu hiyo unapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama cha sindano na hakiumi sana mwanzoni, lakini mafuta yameshaingia ndani ya nyama. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe ni dizeli ya pampu. Kusubiri kesho kumewagharimu watu vidole na mikono.

Inapanda na kushuka hata baada ya kutoa upepo

Hapa sasa ndipo gavana inaingia. Kama mapovu hayapo, filta ni mpya, viungo vya mkono vimekaza, na bado injini ikiwa sailensa inapanda na kushuka kwa mwendo ule ule, vali ndogo inayopima dizeli ndani ya pampu inaweza kuwa inakwama. Hutokea sana kwa trekta iliyokaa miezi bila kuwashwa. Dizeli ya zamani inaacha gundi, maji yanaacha kutu, na vali iliyotakiwa kuteleza kama sindano kwenye mafuta inaenda kwa kusita. Inachelewa kufunga, injini inapanda. Inachelewa kufungua, injini inashuka.

Wakati mwingine gundi hiyo inalainika kwa dizeli safi na saa kadhaa za kuunguruma taratibu. Isipolainika, hapo ni kwa fundi pampu kweli. Matrekta kadhaa ya Kimarekani yenye pampu ya Roosa Master yana kesi yake nyingine: ndani kuna pete ya plastiki inayoshika vyuma vya gavana, na kwa miaka inamomonyoka. Vipande vyeusi vinakwenda kuziba njia ya kurudishia mafuta, injini inapanda na kushuka au inazima ghafla. Fundi anayezijua anafungua njia hiyo kwanza kutazama kama kuna chenga nyeusi.

Skrubu za nje ya pampu zinahitaji heshima. Ya sailensa unaweza kuigusa: injini ipate moto kwanza, legeza nati yake, zungusha robo kwa robo mpaka mlio utulie, kaza. Ile ya resi ya juu imefungwa kwa waya na risasi. Risasi hiyo imewekwa kwa sababu. Kijana anayeikata ili trekta "ipate spidi" ya kukokota tela la mahindi barabarani anaipeleka injini kwenye mizunguko ambayo haikuundwa kuibeba, na siku moja konrodi linatoka ubavuni mwa bloku. Kuiongeza hakuongezi nguvu ya kuvuta plau hata kidogo. Nguvu inatokana na dizeli inayofika na hewa inayoingia.

Hewa nayo. Filta ya hewa ya trekta hizi ni ya bakuli la oili. Msimu wa vumbi bakuli lifunguliwe kila siku, matope ya chini yatolewe, oili mpya iwekwe hadi kwenye mstari, isizidi. Kitambaa kilichofungwa mdomoni "kusaidia kuzuia vumbi" kinainyima pumzi na moshi mweusi unaanza. Na bomba la eksozi lililokaa bila kifuniko chini ya mti, chungulia. Ndege na nyigu wanapenda nyumba za namna hiyo.

Injini ina misi

Mlio usio sawa, silinda moja ikiwa kama haipo, huonekana kama tatizo la resi. Injini ikiwa sailensa, legeza nati ya bomba kwenye nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili, halafu ya tatu. Ile ambayo ukilegeza mlio haubadiliki ndiyo haifanyi kazi. Hamisha nozeli yake kwenye silinda nyingine. Misi ikihama nayo, nozeli ni mbovu. Ikibaki pale pale, tafuta vali, ringi au bomba la pampu. Nozeli inaporudishwa ipate washa mpya ya kopa, moja tu, na ile ya zamani isibaki chini shimoni, jambo linalotokea mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Nafasi ya vali za AD3.152 ni milimita 0.30 injini ikiwa ya baridi na 0.25 ikiwa ya moto.

Kama shida ilianza siku ile ile pampu iliporudishwa kutoka kwa fundi, tazama mstari mdogo uliochongwa kwenye flanji ya pampu na ule wa kwenye kifuniko cha injini. Lazima vitazamane. Matundu ya boliti yana nafasi ya kuizungusha pampu, na milimita chache tu upande wa kuchelewa zinaleta moshi mweupe na uvivu. Upande wa kuwahi zinaleta kugonga.

Injini ikipanda yenyewe bila kusimama

Hili ni la kujua kabla halijatokea, maana likitokea hakuna muda wa kusoma. Injini inapanda, mlio unazidi, mkono wa mafuta haufanyi kitu. Sababu moja ni vali ya pampu iliyokwama ikiwa wazi, mara nyingi kwenye trekta iliyolala muda mrefu na kuwashwa kwa mara ya kwanza. Nyingine ni injini kunywa oili: bakuli la filta ya hewa limejazwa kupita mstari, oili ya injini imezidi kwa sababu ya dizeli iliyovuja ndani, au ringi zimekwisha na oili inapanda.

Vuta kitufe cha kuzimia. Isipokoma na uko kwenye kiti, mbele hakuna mtu, kanyaga breki zote mbili kwa nguvu ukiwa gia ya juu kabisa na uachie klachi, mzigo uiue. Ikishindikana, ziba mdomo wa filta ya hewa kwa kitu bapa na kigumu, ubao unafaa. Usitumie kiganja wala kitambaa chepesi, vyote vinavutwa ndani. Usisimame ubavuni mwa injini. Kukata bomba la dizeli hakusaidii kama inachoma oili yake yenyewe, na watu wamepoteza sekunde za thamani hapo.

Kwa hiyo trekta iliyolala miezi kadhaa, kabla ya kuiwasha, hakikisha kimkono cha kuzimia kwenye pampu kinatembea hadi mwisho, pima oili, pima bakuli la hewa, weka ubao karibu, na mkono wa mafuta uwe chini. Ondoa watoto. PTO iwe imetolewa.

Pampu ikilazimika kwenda

Kuna siku ni pampu kweli. Dizeli inafika safi bila mapovu, nozeli zimepimwa, viungo viko sawa, hewa ipo, lakini injini ikipata moto inazima na haiwaki mpaka ipoe. Hiyo ni dalili ya kichwa cha pampu kilicholika: dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kupenya pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli. Kuna wanaomwagia pampu maji baridi na ikawaka. Jaribio hilo linathibitisha ugonjwa, lakini kumwagia chuma cha moto maji baridi mara kwa mara kunaweza kuikwamisha pampu moja kwa moja.

Kabla ya kufungua, chora alama yako kwa msumari kwenye flanji na kifuniko, ziba midomo yote ya bomba kwa nailoni safi, nakili herufi na namba zilizo kwenye kibati cha pampu. Mwambie fundi pampu hali halisi, iwapo inazima ikiwa ya moto au ya baridi, inatoa moshi gani, na kipi kimeshabadilishwa. Muulize kama ataipima kwenye mashine au ataibadilisha sili tu na kuirudisha; hizo ni kazi mbili tofauti na bei zake ni tofauti. Peleka na nozeli zote tatu pamoja. Wakati pampu iko mjini, tangi lioshwe na filta zibadilishwe, la sivyo pampu mpya itakunywa uchafu ule ule siku ya kwanza.